Wino wa Zingefuri: Livingstone kati ya Kabambare na Nyangwe

Maisha ya David Livingstone yamesimuliwa mara nyingi mno, na nisingethubutu kuyasimulia tena katika jarida hili kama si kwa ajili ya wino. Mwaka 1871, akiwa katika nchi ambayo leo ni kusini mwa Maniema, karatasi zilimwishia na wino ukamwishia. Akachukua gazeti kuukuu kutoka London, akaandika juu ya maandishi yake ya chapa kwa rangi nyekundu iliyotengenezwa kwa mbegu za mmea wa huko. Rangi ile ilififia. Kwa takribani miaka 140 kurasa hizo hazikusomeka, mpaka njia mpya ya kuchambua rangi kwa mwanga ilipoyarudisha maneno yake. Mimi kwetu ni Lusangi, upande huo huo wa Kasongo na Kabambare. Yaliyoandikwa kwa wino ule yalitokea kwetu, na swali la nani aliyafanya ni la kwetu pia.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika kijiji cha Blantyre, Scotland, katika familia maskini. Alipotimiza miaka kumi aliingia kiwanda cha pamba, akawa anafanya kazi tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, kisha anakwenda shule ya jioni. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Jambo hilo waandishi wengi hulitaja kuonyesha bidii yake tu. Mimi naliona kama dalili ya kwanza ya tabia iliyomfuata mpaka kufa: kila alipofika, alianza na lugha.

Mwaka 1836 alikwenda Glasgow kusomea udaktari katika chuo cha Anderson. Mwalimu wake wa kemia alikuwa Thomas Graham, ambaye wanakemia wanamkumbuka hadi leo kwa kanuni ya namna gesi zinavyoenea, na kwa kazi yake juu ya kuchuja vitu vilivyoyeyuka kwa kuvipitisha katika utando. Msaidizi wa Graham katika maabara alikuwa kijana mmoja, James Young, na miongoni mwa wanafunzi alikuwamo Lyon Playfair. Vijana hao watatu walijuana pale. Young baadaye aligundua namna ya kupata mafuta ya taa kutoka katika makaa ya mawe, yale mafuta ambayo sisi Kongo huyaita petroli. Hakimiliki yake ni ya mwaka 1850, akatajirika sana. Playfair alifanya kazi na Mjerumani Robert Bunsen kuchambua gesi za matanuri ya chuma, na ripoti yao ilitoka mwaka 1845. Naomba msomaji alishike jina hilo la Bunsen, kwa maana litarudi. Livingstone peke yake hakuwa mwanakemia. Lakini fedha za petroli ya Young zilimsaidia katika safari zake, naye akalipa deni kwa namna ya wasafiri wa wakati ule: tawi moja la Lualaba alilipa jina la Young. Mto ulikuwa na jina lake tayari, na jina la mwanakemia halikushika.

Alisafiri kwenda Afrika Kusini mwishoni mwa mwaka 1840, akiwa mmisionari wa London Missionary Society. Alijifunza Kitswana, akamwoa Mary Moffat mwaka 1845, akaandika pia kitabu kidogo cha uchambuzi wa lugha hiyo ambacho kilichapwa mwaka 1858 kwa nakala 25 tu. Katika fakulte yetu ni wachache waliowahi kukisikia, ingawa kila mtoto wa shule amesikia habari za maporomoko ya Mosi-oa-Tunya aliyoyaona mwaka 1855. Alivuka bara kutoka Luanda mpaka Quelimane, akarudi kwao akiwa mtu mashuhuri, akapewa msafara mkubwa wa Zambezi uliodumu tangu 1858 hadi 1864 na ambao kwa kweli haukufanikiwa. Mary alifia huko Shupanga mwaka 1862. Hayo yote yana vitabu vyake.

Safari ya mwisho ndiyo inayotuhusu. Mwaka 1866 alipitia Unguja, akaingia bara kwa upande wa Ruvuma, akitafuta chanzo cha Nili. Alikuwa na watu ambao majina yao tunayajua, hasa Chuma na Susi. Mapema mwaka 1867 sanduku lake la dawa liliibwa, na tangu hapo afya yake haikutengemaa. Alifika Ujiji Machi 1869, akavuka Ziwa Tanganyika mwezi Julai, na tarehe 21 Septemba akaingia mji alioandika kwa jina la Bambarre. Ni Kabambare. Aliandika kama alivyosikia, na silabi ya Ka- haikuingia katika daftari lake. Nchi nzima aliiita Manyuema. Mwanafunzi wa fonolojia anaweza kukaa juu ya maandishi hayo mwezi mzima.

Alijaribu kufika Lualaba, akashindwa. Mvua, homa na vidonda vya miguu vilimrudisha Kabambare Julai 1870, akakaa pale mpaka Februari 1871. Miezi hiyo karibu saba katika vitabu vingi hupewa aya moja, kwa sababu hakuna alichogundua. Kwangu ni sehemu nene kuliko zote. Alikuwa mgonjwa, anategemea wafanyabiashara Waarabu na Waswahili aliowapinga kwa biashara yao ya watumwa, hasa Mohamad bin Gharib aliyewahi kumuuguza kwa wema. Alisoma Biblia yake yote mara nne. Alieleza juu ya mnyama aliyemwita soko, naye ni sokwe wetu, na ambaye msomaji wa Kiswahili asiyejua humchanganya na soko la kuuzia vitu. Vidonda vyake havikusikia dawa yoyote isipokuwa moja aliyoikuta huko: jiwe la kijani la malakaiti, linasagwa juu ya jiwe pamoja na maji, kisha linapakwa kwa unyoya wa ndege. Malakaiti ni madini ya shaba. Shaba huua vijidudu vya kidonda, jambo ambalo wakati ule hakuna chuo kilichokuwa kinalifundisha, na mwanafunzi wa Graham alitibiwa kwa kemia ya wenyeji.

Ni huko Kabambare alikoanza kuandika kwa chochote alichopata. Gazeti lililotumika zaidi ni The Standard, toleo la tarehe 24 Novemba 1869. Aligeuza ukurasa ubavu, akaandika mistari yake ikikata ile ya chapa. Na rangi ile ya mbegu akaiita, kwa tahajia yake, zingifure.

Neno hili ninalijua vizuri kuliko ninavyomjua Livingstone. Katika Kiswahili cha pwani zingefuri, au zinjifuri, ni rangi nyekundu iliyoiva. Limetoka katika Kiarabu, zunjufr, nalo Kiarabu kililichukua kutoka Kiajemi. Huko lilikotoka lilikuwa jina la jiwe, yale madini mekundu ya zebaki na salfa. Pwani likahamia pia kwenye mti: mzingefuri ni kile kichaka chenye maganda ya miiba laini, na ndani mna mbegu zinazopaka vidole rangi ya machungwa. Asili ya mti huo ni Amerika. Neno, basi, lilitoka Uajemi, mmea ukatoka ng'ambo ya Atlantiki, na viwili hivyo vikakutana midomoni mwa wasafiri wa msafara waliotoka pwani mpaka Maniema. Kwa kuwa wino wa Livingstone ulitokana na mbegu, si jiwe, naona neno lake liko upande wa mti. Tofauti hiyo si ya kamusi tu. Zingefuri ya jiwe ingedumu karne nyingi kwenye karatasi. Rangi ya mbegu ni ya jamii moja na ile ya karoti na mawese, na huliwa na mwanga. Anayejua maana ya neno anajua mapema kwa nini maandishi yalitoweka. (Zebaki ya lile jiwe nayo ina habari yake: wachimbaji wadogo wa dhahabu wengi duniani huitumia kukusanya vumbi la dhahabu, kisha inabaki katika maji ya mito. Namna moja ya kuipima katika maji ni kupitisha mwanga ndani ya mvuke wake na kuona ni kiasi gani cha mwanga kimemezwa. Ni fikra ile ile nitakayoieleza hapa chini.)

Mwishoni mwa Machi 1871 alifika Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, katika eneo la Kasongo la leo. Alitaka mitumbwi ya kuvukia, hakupata. Wenyeji hawakumwamini mgeni aliyekuja na wafanyabiashara wa watumwa, wala siwezi kuwalaumu. Nyangwe ilikuwa na soko kubwa, wanawake wengi wakija na samaki, chumvi, kuku, vyungu na mihogo. Livingstone alipenda kukaa pale kuwatazama.

Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa mfanyabiashara Dugumbe waliingia na bunduki. Ugomvi ulianza juu ya bei ya kuku, risasi zikafuata, na wengine wakawapiga waliokimbilia mitumbwi. Mitumbwi ilijaa, ikazama. Watu waliruka mtoni, na vichwa vyao vilionekana vikielea katika mstari mrefu kabla ya kuzama kimoja baada ya kingine. Hesabu aliyopewa ni kati ya watu 330 na 400 waliokufa, wengi wao wanawake. Vijiji vya ng'ambo vikachomwa moto. Yeye alitamani kuwapiga wauaji kwa bastola, akazuiwa. Baada ya siku tano aliondoka kurudi Ujiji.

Alifika Ujiji Oktoba 1871 akiwa amedhoofika sana, na muda mfupi baadaye Stanley akamkuta. Habari za Nyangwe zilikwenda Uingereza kwa barua zake, zikachochea hasira iliyompeleka Bartle Frere Unguja. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Livingstone hakuyajua hayo. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wake, wakaubeba mpaka pwani pamoja na daftari zake, na akazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Mwaka huo huo rafiki yake Horace Waller alichapisha shajara za mwisho, akisaidiwa na Chuma na Susi waliopelekwa Uingereza.

Hapa ndipo penye jambo. Livingstone alikuwa na desturi ya kuandika mara mbili: kwanza haraka haraka katika karatasi za njiani, baadaye kwa utulivu katika daftari kubwa. Kwa miezi ya Nyangwe, kurasa za gazeti zilikuwa ngumu kusoma, na kitabu cha Waller kilitegemea zaidi ile nakala safi. Wasifu wote uliofuata ulitegemea Waller. Kwa hiyo kwa karne nzima na zaidi dunia ilisoma habari za mauaji ya Nyangwe kama mwandishi alivyozipanga baadaye, akijua zitasomwa na wakubwa, na si kama alivyozitupa kwenye karatasi siku zile zile.

Mwaka 1860, wakati Livingstone yuko Zambezi, Bunsen na mwenzake Kirchhoff walikuwa wameonyesha huko Heidelberg kwamba kila elementi ikichomwa hutoa rangi zake maalumu, na kwamba mwanga unaweza kutaja kilichomo ndani ya kitu. Tangu hapo kemia ya uchambuzi ilipata njia ya kuuliza kitu swali kwa mwanga, na katika mbinu nyingi zilizozaliwa baadaye kitu chenyewe hakihitaji hata kuguswa. Watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki walianza mwaka 2010 kuitumia fikra hiyo kwenye karatasi za Livingstone. Walishirikiana na wataalamu wa picha waliowahi kusoma maandishi yaliyofutwa ya Archimedes. Jaribio la kwanza lilikuwa barua ya tarehe 5 Februari 1871, iliyoandikwa Kabambare kwa Waller mwenyewe. Kisha wakaingia kwenye shajara ya gazeti, katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh.

Kanuni yake inaelezeka bila maabara. Ukurasa mmoja una vitu vitatu: karatasi iliyogeuka kahawia, wino wa chapa, na wino wa mbegu. Kwa jicho vyote vimekuwa vya rangi moja iliyochoka. Lakini wino wa chapa ni masizi, nayo masizi humeza mwanga wa kila aina, hata ule wa infraredi usioonekana. Rangi ya mbegu humeza mwanga wa buluu, ila infraredi huipita kana kwamba haipo. Sasa piga ukurasa picha nyingi bila kuusogeza, kila picha kwa mwanga wa aina moja, kuanzia urujuanimno mpaka infraredi. Katika picha ya buluu utaona chapa na mwandiko pamoja. Katika ya infraredi utaona chapa peke yake. Kompyuta ikiondoa ya pili kutoka kwa ya kwanza, habari za London zinafifia na mkono wa Livingstone unabaki. Kazi yenyewe ilikuwa na hesabu nyingi zaidi ya hiyo, kwa sababu madoa ya maji na ya uchafu nayo yana tabia zake, lakini mzizi ni huo. Msomaji aliyewahi kutenganisha kiima na kiarifu katika sentensi ndefu ataielewa mantiki.

Matokeo yalitolewa hadharani Novemba 2011. Livingstone wa gazeti ni mtu mwingine kidogo. Ana hasira, amechoka, na anawaogopa watu wake mwenyewe, wale watumwa wa Wahindi wa Unguja aliokuwa ameletewa kutoka pwani wawe wapagazi wake, ambao anawaeleza kuwa wakorofi na wakatili. Maneno mengi ya namna hiyo yalipunguzwa au kuachwa katika nakala safi. Kwa kulinganisha maandishi hayo mawili, watafiti waliuliza swali ambalo halikuwahi kuulizwa: je, baadhi ya watu wa msafara wa Livingstone mwenyewe walishiriki katika mauaji ya Nyangwe? Shajara haitoi hukumu. Inatoa mashaka ya mtu aliyekuwapo, na mashaka hayo ndiyo yaliyosafishwa alipoandika mara ya pili.

Wapo watakaosema kwamba haya yanamshusha. Sioni hivyo. Mtu aliyeandika kwa rangi ya mbegu, miguu ikiwa na vidonda, alikuwa shahidi bora kuliko yule aliyenakili baadaye akiwa ametulia. Kinachonisumbua ni kingine. Katika uchunguzi wote, waliouawa sokoni hawana jina hata moja, huku tukijua tarehe ya gazeti lililotumika kuandika vifo vyao.

Kemia, tena, haikumaliza kazi. Picha zilipotoka, mwandiko ulionekana, lakini bado kulikuwa na majina ya mito, ya machifu na ya vijiji yaliyoandikwa kwa sikio la Mskoti, na mwanga hauwezi kusema kama herufi fulani ni kosa la mwandishi au ni sauti halisi ya lugha ya mahali. Hilo linamhitaji mtu aliyezisikia lugha za huko akiwa mgongoni mwa mama yake. Kurasa zenyewe zimehifadhiwa Blantyre, alikozaliwa mwandishi wao, na picha zake zimewekwa wazi kwa yeyote. Nimeanza na majina ya mito kati ya Kabambare na Lualaba. Manane nimeyatambua bila shida. La tisa babu yangu alilisahihisha kwa simu, akashangaa ni nani aliyeliandika vibaya hivyo.